Mgeni wa Namba Sifuri

Kajiado,
12 Februari 2001

Kwako Mama Keziah,

Ulinifundisha kwamba barua isiyo na salamu ni kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu bila kubisha. Basi nabisha. Hujambo? Mguu unaendeleaje? Sisi huku tu wazima, isipokuwa wadogo wa bweni la chini walioshikwa na tetekuwanga, wanajikuna usiku na mchana.

Nina habari. Mama Naisenya, mkuu wa sasa wa nyumba yetu ya watoto, amepewa kompyuta na wafadhili, na kazi ya kuingiza kadi za watoto wote nimepewa mimi. Imewekwa juu ya meza yako ileile. Taipureta yako nimeifunika kitambaa nikaiweka juu ya kabati. Kila Alhamisi anakuja mwalimu kutoka Athi River, Bwana Ndulu, mtu mpole, anaeleza kitu mara nne bila kuchoka.

Nikueleze namna inavyofanya kazi, maana najua utapenda, wewe uliyeandika kadi mia tatu na kumi na mbili kwa mkono. Programu inaitwa Access. Kuna jedwali la watoto: kila mtoto na mstari wake, namba yake, jina, mwaka alioletwa. Halafu kuna jedwali la wageni kutoka vile vitabu vyako virefu vya getini: tarehe, jina la mgeni, namba ya mtoto aliyekuja kumwona. Unaiambia kompyuta kwamba namba ya huku na namba ya kule ni kitu kimoja, nayo inachora mstari kutoka jedwali hili hadi lile. Baada ya hapo, ukifungua jedwali la watoto, kando ya kila jina kuna alama ndogo ya kujumlisha. Unaibonyeza, mstari unafunguka kama droo, na chini ya jina la mtoto unaona wageni wake wote wamepangwa, hata kama kwenye vitabu walikuwa kurasa mia mbali.

Nilibonyeza ya kwangu. Namba 147. Ikafunguka tupu. Sikulia, nilijua. Uliniambia zamani kwamba hakuna aliyewahi kuja, na kwamba wewe utanitosha. Na ulinitosha. Sweta ya bluu uliyonipa nikiwa darasa la kwanza bado ninayo, ingawa hata mkono hauingii tena.

Sasa swali langu. Katika vitabu vya mwaka 84 na 85 kuna mistari ambayo mahali pa namba ya mtoto umepaacha wazi. Mwandiko ni wako. Mimi nikiacha wazi, programu yenyewe inaweka sifuri, na kwa kuwa hatuna mtoto namba sifuri, inakataa kuyafunga majedwali mawili pamoja. Bwana Ndulu amejaribu Alhamisi mbili. Unakumbuka ilikuwa mistari ya nani?

Ni mimi mtoto wako,
Elsie


Kitengela,
21 Februari 2001

Mwanangu Elsie,

Bwana asifiwe. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama hapo posta, sikuweza kungoja kufika nyumbani. Mguu ni wa mzee, unajua mvua kabla ya redio. Nashukuru Mungu.

Kitengela ungeiona usingeijua. Nilipohamia hapa miaka mitano iliyopita niliona swara kutoka mlangoni. Leo upande huu mtu wa Siaya anajenga, upande ule mtu wa Nyeri anajenga, na malori ya mawe yanapita mbele yangu tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye sufuria. Nimepanda sukuma wiki mistari mitatu. Jirani zangu ni wazuri lakini kila mtu anaondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurudi giza likiingia, kwa hivyo mchana kutwa naongea na kuku.

Nimefurahi kwamba ni wewe umeketi kwenye meza yangu. Hiyo alama ya kujumlisha sikuielewa vizuri, lakini naona ni kitu cha maana.

Hiyo mistari isiyo na namba ifute tu, usijisumbue. Ilikuwa makosa ya haraka. Jumamosi nilikuwa peke yangu zamu, mkuu wa wakati ule akienda mikutano ya kanisa, na watu walikuwa wengi getini. Mambo ya miaka kumi na sita iliyopita hayana faida kwa mtu yeyote.

Pasaka uje. Nitachinja yule jogoo mkorofi.

Mama yako katika Kristo,
Keziah


Kajiado,
5 Machi 2001

Kwako Mama Keziah,

Salamu nyingi. Tetekuwanga imekwisha, ila makovu.

Sikuifuta. Nilitaka, lakini Bwana Ndulu alinishika mkono. Alisema mistari kama hiyo, isiyo na mwenyewe kwenye jedwali kubwa, watu wa kazi yake wanaiita yatima. Halafu akakumbuka yuko katika nyumba gani, akaona haya, akaanza kufuta miwani. Nilicheka nikamwambia asijali, hapa hilo neno tunalinywea chai.

Akanionyesha ujanja. Tuliandika mtoto wa uongo kwenye jedwali la watoto: namba 0, jina alama ya kuuliza. Mara hiyo programu ikakubali, majedwali yakafungana. Nikabonyeza alama ya kujumlisha kando ya huyo mtoto wa uongo.

Mama Keziah, ilifunguka mistari ishirini na tatu.

Kwenye vitabu sikuwa nimeona kitu, kwa sababu ni mmoja hapa, kisha kurasa nane za wageni wengine, kisha mmoja tena. Hapa walikaa pamoja, mmoja chini ya mwingine, na wote ni jina moja. Mama Adero. Mama Adero. Mama Adero. Tarehe 4 Februari 1984 mpaka tarehe 7 Desemba 1985, bila kuruka mwezi hata mmoja. Nilikumbuka ulivyoandika kuhusu Jumamosi, mimi sikuwa nimekutajia siku, nikatafuta kalenda ya zamani. Kweli zote ni Jumamosi, ya kwanza ya mwezi. Kumbukumbu yako bado ni kali kuliko yangu.

Fikiria huyo mwanamke. 1984 ulikuwa mwaka wa njaa, wewe mwenyewe ulitusimulia watu walivyokula mahindi ya njano ya msaada. Na yeye akaja kila mwezi. Nimepitia kadi zote, hatuna mtoto anayeitwa Adero. Labda mliandika jina lingine. Labda mtoto huyo yuko mahali sasa hivi, mtu mzima, anadhani hakuna aliyemtaka. Mimi najua inavyokaa kifuani. Ukiwa mdogo unaangalia geti. Ukiwa mkubwa unajifundisha kutoliangalia, na hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi. Ningekuwa mimi, ningetaka mtu aniandikie mstari mmoja tu aniambie: alikuja.

Nisaidie kumpata. Bado sijaingiza sehemu ya mwisho ya vitabu, ile ya vitu walivyoleta wageni, nitaanza wiki ijayo. Labda hapo kuna dalili.

Mtoto wako,
Elsie


Kitengela,
16 Machi 2001

Elsie mwanangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu presha ilipanda, daktari amenibadilishia dawa.

Huyo mtoto aliondoka zamani. Sikumbuki alikwenda wapi. Nakuomba kama mama usiendelee na hiyo sehemu ya vitu. Mwambie Mama Naisenya kwamba vitabu vimeliwa na mchwa. Njoo Pasaka tuzungumze kwa mdomo, kuna maneno hayafai kuandikwa.

Uje lakini. Nakuomba.

Keziah


Kajiado,
2 Aprili 2001

Bi. Keziah,

Vitabu havijaliwa na mchwa. Nimemaliza kuingiza.

Nanakili kama ulivyoandika wewe.

Machi 84, njugu karanga kwenye karatasi. Juni 84, unga wa mahindi vikombe viwili. Septemba 84, kitana chekundu. Januari 85, viatu vya plastiki, cha kushoto kimeshonwa. Mei 85, sweta ya bluu, kifungo kimoja cheupe. Agosti 85, kioo kidogo cha mkononi. Desemba 85, gauni la Krismasi, maua ya njano.

Njugu hizo nilizila nikiwa nimekaa magotini pako. Kitana hicho ulinichania nacho, ukiniambia nina nywele ngumu kama mawazo yangu. Viatu hivyo nilikuuliza kwa nini kimoja kimeshonwa, ukasema ulivipata hivyo sokoni. Lile gauni nilivaa kanisani, watu wakasema, Keziah anampenda huyu mtoto kama wake wa kuzaa. Nilijivuna mpaka nikakosa wimbo.

Sweta iko hapa mbele yangu. Nimehesabu vifungo. Vinne vya bluu, kimoja cheupe.

Miaka yote nilipotaka kukumbuka kupendwa, nilikumbuka vitu hivi, na katika kila kimoja nilikuona wewe.

Sitakuja Pasaka. Nataka jibu la swali moja. Adero ni nani?

Elsie, namba 147


Kitengela,
9 Aprili 2001

Elsie,

Adero ni wewe.

Nitaandika yote leo, nikingoja kesho nitapata tena sababu ya kungoja.

Uliletwa Agosti 1983 na afisa wa watoto. Baba yako alikuwa amekufa machimboni huku Kitengela, ukuta wa mawe ulimwangukia. Mama yako alishikwa na kifua kikuu, akalazwa Nairobi miezi mingi, hapakuwa na mtu wa kukushika. Ulikuwa na miaka kama minne. Hukuzungumza. Siku ya tisa uliingia ofisini ukajificha chini ya meza yangu, kati ya miguu yangu, ukalala hapo mpaka jioni. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Mume wangu alikuwa ameniacha kwa sababu ya utasa. Nilikaa bila kusogeza mguu mpaka ukafa ganzi.

Jina Elsie nilikupa mimi. Niliandika kwenye kadi kabla ya mtu kuniuliza.

Februari mama yako alitoka hospitali akaja. Mwembamba, kitambaa kichwani, Kiswahili chake kidogo. Mkuu hakuwepo. Nilimwambia watoto wamepelekwa matembezi. Ilikuwa uongo wa siku moja, ndivyo nilivyojiambia, nipate tu nafasi ya kukuandaa. Wewe ulikuwa jikoni, hatua thelathini kutoka hapo. Alileta kipande cha sabuni. Akasema, "Andika kwamba nilikuja." Hakujua kusoma, lakini alisimama akiangalia kalamu mpaka ikaacha kutembea. Kwa hivyo niliandika. Mahali pa namba niliacha wazi, ili mkuu akisoma asiulize.

Mwezi uliofuata nilisema uko na homa ya kuambukiza. Kisha kwamba sheria inataka barua ya chifu. Alileta barua ya chifu. Nilisema inataka muhuri mwingine. Akaenda kutafuta muhuri. Kila mara alikaa kwenye benchi la nje mpaka saa tisa, akanipa alicholeta, akangoja niandike, akaondoka. Nilijaribu kuvitupa vitu vyake. Sikuweza. Nikakupa. Nilisema ni vyangu kwa sababu uliniuliza, na macho yako yalikuwa yananiangalia.

Tarehe 7 Desemba 1985 alikuja na gauni, na muhuri wa mwisho pia alikuwa nao. Sikuwa na neno jingine lililobaki. Nikamwambia umechukuliwa na watu wazuri, wa mbali, wana gari, utasoma. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Anakula?" Nikasema anakula vizuri. Akaniachia gauni hilo nimpelekee yeyote litakayemtosha. Hakurudi tena.

Kuna lililo baya zaidi. Nilipostaafu nilinunua kiwanja hapa, na mwaka wa kwanza tu nilimwona sokoni, ananunua nyanya. Nilipitia nyuma ya vibanda. Mwaka juzi nikamwona tena, barabarani, amebeba nyundo. Yuko hapa, Elsie. Nyundo za machimboni nazisikia nikiwa kitandani, na kila asubuhi huwa najua mojawapo ni yake.

Siombi kitu. Jina lake ni Rebecca.

Keziah


Kitengela,
7 Mei 2001

Elsie,

Hujajibu na sikutazamia ujibu. Naandika kwa sababu nimekwenda.

Jumamosi asubuhi nilishika fimbo yangu nikatembea mpaka machimboni. Wanawake wanakaa pembeni, kila mmoja na rundo lake, wanavunja kokoto. Yeye alikuwa wa mwisho, ameketi juu ya gunia, mpira wa gari umemfunika kidole gumba. Nilikuwa nimejifunza maneno njia nzima. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Akasema, "Wewe ni yule mwandishi." Kisha akaniuliza, "Amekufa?"

Nikasema, "Hapana. Yuko Kajiado. Hakuchukuliwa na mtu."

Akainamia kazi yake, akavunja jiwe moja, akavunja la pili. Nilidhani hakunisikia. Halafu akaweka nyundo chini polepole, akaniambia, "Kaa." Hapakuwa na pa kukaa, nikakaa kwenye mawe. Nikamwambia yote. Nilipomaliza aliniuliza kama najua bado kuandika. Nikasema ndiyo. Akaniambia nije kesho yake baada ya kanisa, na karatasi.

Haya yafuatayo ni maneno yake.

Adero,

Mimi ni mama yako Rebecca. Huyu mwanamke ndiye anaandika. Nimemwambia aandike vile nasema, asipunguze, asiongeze. Akimaliza nitampa jirani yangu Selpha asome nisikie, kwa sababu huyu nilimwamini mara moja.

Mimi sikukutupa. Hilo ndilo la kwanza. Aliandike mara mbili. Mimi sikukutupa.

Ulizaliwa wakati wa mavuno, ndio maana ya jina lako. Ulikuwa unapenda kulala ukinishika sikio. Nilipoenda hospitali nilikuambia nitarudi, na nilirudi, lakini nilikuwa nimechelewa miezi sita na dawa hazikuniruhusu kuja mapema. Kama ulilia, nilijua unalia. Hospitalini nilikuwa nasikia.

Walipokufa wazazi wangu, ndugu za baba yako waliniambia rudi Siaya, hapa unafanya nini na mawe ya watu. Nilikataa. Nilisema mtoto akikua atauliza, na akiuliza ataambiwa Kitengela. Sasa akija asinikute? Nyumba nimebadilisha mara tatu, lakini machimbo sijabadilisha. Nimekaa mahali ambapo mtu akiuliza atapata.

Sijui kama unataka kuniona. Wewe ni mtu wa ofisi. Mimi mikono yangu si ya kushikwa. Kama hutaki, nitumie tu neno kwamba umepata barua. Kama unataka, uliza Rebecca wa kokoto, hata mwendesha baiskeli anajua.

Nimesema hayo. Mengine ni ya kuongea.

Ndimi mama yako,
Rebecca

Mimi Selpha nimesoma yote kwa sauti mbele yake na yule mama mwandishi. Ni vile alivyosema. Hilo la kutupa limeandikwa mara mbili.


Kajiado,
28 Mei 2001

Mama Keziah,

Nimeandika hivyo kwa sababu mkono umezoea. Usilisome zaidi ya hapo.

Nilikwenda tarehe 19. Nilipita karibu na kwako, niliona sukuma wiki yako, sikusimama.

Nilidhani nitamjua. Nilikuwa nimejiambia kwamba damu inajua. Nilifika mahali wanawake wamekaa nikaangalia nyuso zote, na hakuna damu iliyosema kitu. Nikawapa mgongo nielekee kwenye kibanda cha chai nikaulize. Nikasikia mtu nyuma yangu anaita, "Adero." Nikaendelea kutembea. Akaita tena, "Adero." Niliendelea, kwa sababu nilidhani anaitwa mtu mwingine. Mwanamke wa chai ndiye aliyeniambia, "Dada, mbona unaitwa hugeuki?"

Hilo ndilo nitakalokuwa nalo siku zote, Mama Keziah. Aliningoja miaka kumi na saba, akaniita mara mbili, na mimi sikugeuka.

Hakunikumbatia. Alinishika sikio. Akalitazama upande huu na upande ule, akasema ni la baba yangu. Kisha akafunga kazi, siku ambayo alikuwa hajamaliza hata nusu ya rundo, na wenzake wakamwambia nenda, tutakuvunjia.

Ana chumba kimoja cha mabati, safi. Alinipikia ugali na omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi omena sijazoea, nilianza kutoa vichwa kimoja kimoja, naviweka pembeni. Aliniangalia kwa muda, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Watu wazuri walikulea vibaya." Tulicheka wote wawili, halafu akakumbuka kwamba hakukuwa na watu wazuri, akaniongezea ugali. Kabla ya kula aliomba Mungu kwa Kijaluo. Maombi marefu. Nilisikia jina langu ndani yake mara nyingi, na sikuelewa neno jingine lolote.

Tunazungumza polepole. Kiswahili chake na changu havilingani, na mimi nina aibu ya mgeni. Nimekwenda tena juzi. Ananifundisha maneno, kikombe, maji, mlango. Nikikosea hanirekebishi, anangoja nisikie mwenyewe.

Sasa niseme kilichonifanya niandike.

Mimi nilitaka asikuone tena. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba akitaka nitakwenda kwa Mama Naisenya, kwa chifu, hata kwa gazeti, jina lako lijulikane. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Ulipong'oka jino la kwanza ulilia?" Nikasema sikumbuki. Akauliza siku ya kwanza ya shule nilivaa nini. Sikumbuki. Nani alinifundisha kufunga kamba za viatu. Nikasema ni Keziah. Nilikuwa nasema nini usingizini? Surua ilinishika nikiwa na miaka mingapi? Nilianza lini kuzungumza tena, na neno la kwanza lilikuwa lipi?

Nikasema sijui, sijui, sijui.

Akaweka ungo chini. Akasema, "Huyo mwanamke anajua. Ndiye peke yake. Nikimfukuza, hiyo miaka itakwenda naye."

Anataka uje Jumapili, baada ya kanisa. Anasema uje na muda wa kutosha, kwa sababu unaanza na ile siku ya Agosti chini ya meza, na huruki mwezi hata mmoja. Selpha atakuwepo kusaidia pale Kiswahili kitakapokwama.

Mimi sijaweza kusema njoo. Nimejaribu kuliandika mara tatu kwenye karatasi nyingine na nimelikata. Lakini nyumba ni yake, na ameniambia nikuandikie, na nimeandika.

Nitakuwepo. Nitakaa upande wake.

Elsie Adero